Kovu Kwenye Shina la Sakura

Leo nimeshinda Shinjuku Gyoen, bustani kubwa ya Tokyo, Japani. Nilitamani kwenda wiki iliyopita maua ya sakura, yaani micheri ya Kijapani, yalipokuwa yamechanua yote, lakini kazi ilinibana, na juzi ikanyesha mvua ya upepo usiku kucha. Nimekwenda nikijua nimechelewa.

Getini nimelipa yeni 500, mlinzi akaniomba nifungue begi aone kama sina pombe, maana bustani hii haiiruhusu hata msimu huu. Nikapita na chupa yangu ya chai na maandazi niliyokaanga jana. Ndani ni hekta 58. Enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, ardhi hii ilikuwa ya ukoo wa Naito, mwaka 1906 ikawa bustani ya kifalme, mwaka 1945 mabomu yakaiteketeza karibu yote, na mwaka 1949 ikafunguliwa kwa watu wote.

Na kuchelewa kwangu kumenipa nisichokitarajia. Sakura haingoji kunyauka mtini. Inaanguka ikiwa bado mbichi, petali moja moja, na upepo ukivuma zinamwagika zote kwa pamoja hadi huoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Wajapani huita hali hiyo hanafubuki, tufani ya maua. Zile zinazoangukia majini zikajikusanya na kuelea huitwa hanaikada, chelezo cha maua. Nimesimama kando ya bwawa muda mrefu nikiangalia bata anavyokipasua chelezo hicho, kisha kinajifunga tena nyuma yake. Mama mmoja mzee pembeni yangu alikuwa amefumba mikono kifuani, hapigi picha, hasemi kitu.

Nimeokota petali nikainusa. Karibu haina harufu kabisa. Mimi niliyekulia Muheza, Tanga, ambako machungwa yakitoa maua hata nguo kwenye kamba hunukia, hilo limenishangaza.

Lakini kilichonikaa moyoni ni hiki. Sakura nyingi unazoziona Japani ni za aina moja, Someiyoshino, iliyotoka kijiji cha Somei, ambacho leo kimo ndani ya Tokyo. Haiendelezwi kwa mbegu. Kila mti umebebeshwa: mtu amekata kikonyo cha mti uliotangulia akakiunganisha kwenye shina la mwingine. Kwa hiyo ni kama mti mmoja uliogawanywa nchi nzima, ndiyo maana miti ya mtaa mmoja huchanua siku zilezile na kupukutika pamoja. Ndiyo maana pia watabiri wa hali ya hewa wa Tokyo hutazama mti mmoja tu, ulioko hekalu la Yasukuni. Ukifungua maua matano au sita, wanatangaza kwamba msimu umeanza.

Babu mzaa mama alikuwa mbebeshaji. Alisia mbegu za limao, mche ukifikia unene wa penseli anachanja ganda lake kama herufi T, anachomeka jicho (kichipukizi) la mchungwa, anafunga kwa ukanda wa nailoni. Mimi ndiye nilikuwa nashika nailoni. Alikuwa hasemi akiwa na kisu mkononi, na sikuwahi kumuuliza jicho la kwanza kabisa alilitoa kwenye mti wa nani. Sasa amelala, na machungwa yake bado yanazaa.

Basi nimeacha kutazama juu. Nimezunguka nikiinama kwenye mashina, watu wakinipisha kwa adabu, hadi kwenye sakura moja kongwe iliyoegemezwa magongo nikaona uvimbe karibu na udongo, ganda la chini likitofautiana na la juu. Nikaweka kiganja pale. Kuna mtu alipiga magoti hapa na kisu, na wala simjui.

Nikapiga picha nikamtumia mjomba: “Shikamoo mjomba. Hii ni sakura, angalia chini.”

Akajibu: “Marahaba mjomba. Hapo wamebebesha chini mno, Babu angegomba. Udongo ukipanda, mti unaoza. Matunda yake mnakula?”

Nimemwandikia kwamba huu hupandwa kwa ajili ya maua tu. Nimetoka getini saa kumi na mbili jioni, wakifunga, na hajajibu bado. Kule ni saa sita mchana, atakuwa shambani.