Mbona adui anakusubiri?

Babu Mdogo, mtoto wa kaka yangu, amelala, nami bado nalijibu swali lake.

Amekuja kwetu likizo kama kawaida, akanikuta sebuleni nacheza gemu la zamani, Chrono Trigger, kwenye laptopu. Akatazama pigano moja mpaka mwisho, kisha akasema, "Shangazi, mbona huyo adui anakusubiri?"

Hakuwa na kejeli. Aliuliza vile vile anavyouliza kwa nini maji ya Raskazone yanakupwa. Nikamwambia, "Ananipa nafasi ya kufikiri." Akanitazama. "Adui?" Akaenda zake kuangalia mpira.

Hilo "Adui?" limeniganda wiki nzima. Nimekaa nalo kwenye daladala, nimekaa nalo ofisini siku niliyosaini mkataba mpya, hata Mama alipofunguliwa bandeji ya jicho na kuona vizuri, alhamdulillahi, lilikuwa linanizunguka kichwani.

Maana kauliza la haki. Gemu la Dragon Quest lilipotoka mwaka 1986, mapigano yalikwenda kwa zamu: wewe unachagua, mwenzio katulia tu. Final Fantasy IV ya 1991 ikaja na utaratibu wa mbunifu wake Hiroyuki Ito, kila mpiganaji ana muda wake unaojaa, ukizubaa unapigwa. Chrono Trigger ya 1995 imefuata njia hiyo, ila inakuruhusu uuchague muda usimame ukiwa unatafuta dawa au uchawi. Mimi nimeuchagua usimame. Kwa hiyo ni kweli, adui ananisubiri, na nataka anisubiri. Kutwa nzima nakimbizwa na simu na makaratasi. Usiku nataka kupigana na mtu anayeniacha niwaze.

Si kila gemu la zamani ningempa mtoto. Final Fantasy VII naipenda tangu kaka alipoleta PlayStation nyumbani Ngamiani, lakini kupiga hatua chache ukatupwa kwenye pigano usilolitaka, ukatoka, hatua chache tena, pigano, leo inachosha. Waliolitoa upya wameweka hata namna ya kuyazima mapigano hayo na ya kuzidisha kasi mara 3. Kwenye Chrono Trigger maadui wengi unawaona hapo hapo njiani.

Juzi umeme ukakatika katikati ya mechi. Babu Mdogo akasogea, "Shangazi, nijaribu?" Kiingereza kinampa taabu, kidato cha kwanza ndio kwanza anaanza, basi nikawa namsomea kwa Kiswahili, sauti ya mfalme naitoa nzito, ya mama wa Crono, shujaa wa gemu, naitoa kama ya Bibi yake. Kwenye maonyesho ya mwanzo akazurura anavyotaka. Akala chakula cha mzee mmoja bila kuuliza. Akampita binti aliyepotelewa na paka. Nikanyamaza kimya.

Leo mchana akafika mahakamani. Crono kashitakiwa, mashahidi wanaitwa, na anayeingia ni yule mzee, analalamikia chakula chake! Babu Mdogo akainua mikono kwenye kibodi.

"Shangazi! Kumbe walikuwa wananiona?"

Nilicheka mpaka Mama akaja kuchungulia kuna nini. Gemu lina zaidi ya miaka 30, picha zake ni vidoti, na limemshika mtoto aliyezoea kupiga mashuti tu.

"Nikianza upya nikamrudishia paka wake, atanitetea?"

"Atakutetea."

Akaanza upya, safari hii anamsalimia kila mtu. Sijamwambia kwamba hata akishinda kesi, gerezani ataingia tu. Atayaona mwenyewe, na nataka niwepo.

Swali la adui hajalirudia. Mimi ndiye ninayetamani aliulize tena, sasa jibu ninalo.