Ami, karai la halua na nyota nyekundu

Wete, Alhamisi usiku, Januari

Umeme umeondoka tangu Magharibi, na leo sikulalamika. Kaskazi imefagia mawingu, Kilimia kiko wazi juu ya minazi, na nyuma yake inafuata ile nyota nyekundu, Aldebaran: jitu jekundu, nyota iliyozeeka ikafura.

Mchana nilikuwa kwa ami, anapika halua. Nilishika mwiko robo saa tu, mabega yakaniwaka. Mwenyewe haondoi jicho kwenye karai. "Usisite, mwanangu. Ya chini ikikaa chini imeungua."

Maneno hayo yamenirudia sasa hivi, maana wiki nzima nasoma habari za lithiamu, hii hii iliyomo kwenye betri ya simu yangu (imebaki asilimia 9).

Lithiamu haivumilii moto wa nyota. Kwenye nyuzi milioni 2.5 hivi huvunjika. Nyota ikizeeka, tumbo lake hukorogeka, gesi ya juu ikachanganyika na ya chini, na lithiamu iliyosalia huwa haba mno. Basi mwaka 1982 wanaastronomia Wallerstein na Sneden wakakuta jitu jekundu lenye lithiamu tele. Tangu hapo yameonekana mengi, kama 1 katika kila 100.

Wengine husema yamemeza sayari zao. Kwa baadhi huenda, lakini yapo yenye lithiamu kuliko sayari inavyoweza kuleta. Mimi nimenaswa na maelezo ya wanasayansi Cameron na Fowler ya 1971. Kule ndani heliamu-3 ikigongana na heliamu-4 (aina mbili za gesi ya heliamu, moja nyepesi, moja nzito) huzaliwa beriliamu-7, elementi nyingine, nayo haidumu: huku kwetu duniani nusu yake hugeuka lithiamu kwa siku 53 hivi. Ikigeukia motoni, lithiamu inateketea. Ikiwahi kupandishwa juu kwenye ubaridi, imesalimika. Kumbe mkorogo ule ule unaoimaliza ndio unaoizaa; shauri ya kasi ya mwiko!

Nani anayekoroga kwa kasi hiyo, hapo bado wanabishana. Utafiti mmoja wa 2020 uliona kwamba nyota nyingi zenye uzito kama wa Jua huongeza lithiamu karibu na ule wakati heliamu inapolipuka ghafla kwenye kiini.

Ami kaniletea sahani. Pembeni mwa kipande changu pana weusi kidogo, uchungu. Hapo ndipo niliposita kujifuta jasho.