Usiianike juani!

Juzi alfajiri alinipigia simu, mimi mzamiaji, mzee mmoja, mvuvi wa Tudor, Mombasa. Hata salamu hakunipa. "Mwanangu, mashine imekwenda."

Ni mashine ya Yamaha, hosipawa 15. Skurubu mbili zinazoibana kwenye tezi, nyuma ya mashua, zililegea kwa mtikisiko, ikajitupa majini. Kamba ya akiba, ile inayofungwa kwa ajili ya siku kama hizi, alikuwa ameitoa akafungia mbuzi wa Idi.

Nilimuuliza jambo moja tu: leo siku ya ngapi ya mwezi mwandamo? Ya saba. Nikashukuru, maana hayo ni maji mafu. Ingekuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa hori ile ungenifikisha Bandari ya Kale kabla sijagusa tope. Hata hivyo tulingoja maji yasimame, baina ya kupwa na kujaa, ndipo nikavaa mtungi. (Watu huuita mtungi wa oksijeni. Ni hewa hii hii ya kila siku, imeshindiliwa tu.)

Chini, mita 9 hivi, macho hayana kazi. Mkono wangu mwenyewe nilikuwa siuoni. Nilishusha jiwe pale mzee aliponionyesha, nikafunga kamba, nikaanza kulizunguka huku napapasa. Kila nikimaliza duara naongeza dhiraa moja ya kamba. Nikapapasa chupa, nikapapasa tairi, nikapapasa kitu laini ambacho sikutaka kukijua. Duara la tano vidole vikagusa ubapa wa propela.

Basi wengi hudhani kazi imeishia hapo. Mashine ilipofika juu mzee akaisifu, akaipangusa kwa kanga, akataka kuilaza gatini ipigwe jua mpaka jioni.

"Mzee wangu, usiianike!"

Kule chini ilikuwa imetulia. Ikitoka ndipo inapokutana na hewa, na chumvi imo tumboni mwake bado. Saa chache tu pistoni inaweza kung'ang'ania silinda. Tuliitumbukiza vile vile kwenye pipa la maji matamu, tukalipakia pipa kwenye tuktuk hadi kwa fundi. Akafungua plagi, akaiinamisha maji yakatoka, akaisuuza mpaka akachoka, akamwaga oili ndani, akaizungusha polepole kwa mkono. Baada ya sala ya adhuhuri ikakohoa, ikawaka. Mzee akaniuliza bei kama mtu aliyesahau kwamba alfajiri alikuwa akilia.

Simu nazo ni hivyo hivyo. Ikitumbukia baharini, izime, isuuze maji matamu, mpelekee fundi aifungue. Mchele haunyonyi chumvi. Mchele ule pilau.

Haya nimejifunza kwa hasara. Miaka kadhaa nyuma niliokota pasi ya makaa, ya chuma, imevaa chokaa na chaza hata jogoo wake wa mbele hajulikani. Nikaianika darini, nikaigonga kwa nyundo, nikaipaka rangi nyeusi, nikaiweka sebuleni nikijiona fundi. Wiki chache tu ikaanza kubambuka tabaka kwa tabaka kama chapati za kusukuma. Mwisho nikaizoa kwa fagio.

Siku moja nikaenda Fort Jesus kutazama vitu vya Santo António de Tanna, jahazi la Wareno lililozama hapo mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani wameizingira. Wachimbuzi walilifanyia kazi tangu 1977 hadi 1980. Nilisimama mbele ya kioo kitambo kirefu. Miaka 300 hivi majini, na viko vizima. Pasi yangu haikumaliza hata mfungo. (Na ukikuta kitu cha umri huo, usikibebe nyumbani. Kuna sheria ya turathi ya 2006; waite watu wa Makumbusho.)

Pasi ya pili ilitoka majini ikaingia ndooni, haikuona jua. Niliitia kwenye beseni la plastiki lenye maji na soda ya kufulia. Magadi ya dukani nayo yanafaa kwa shida, ila huja na chumvi yake, na chumvi ndiyo tunayoifukuza. Waya hasi wa chaja ya betri nikaufunga kwenye pasi, waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, si kile kisichoshika kutu, maana hicho huacha sumu majini. Umeme kidogo tu, uani, mbali na sigara, kwa sababu vile vipovu ni gesi inayowaka. Nilibadilisha maji kila wiki kwa miezi mitatu. Chokaa ikaachia yenyewe, na jogoo akatokeza, upanga kichwani.

Kisha nikaichemshia magome ya mkoko niliyookota kwa muuza boriti, nikaipaka ile rangi yake. Kutu iliyobaki ikageuka nyeusi tii. Nikamalizia kwa nta ya nyuki.

Masika haya imetoa jasho: matone madogo ya rangi ya chai, chini ya mpini. Chumvi imo bado. Nimeirudisha majini jana usiku, na mke wangu asubuhi hii anauliza beseni lake la kufulia liko wapi.