Jinsi nilivyoizamia meli iitwayo Hispania katika maji baridi ya Uskoti

Kuzamia nilijifunzia Unguja, kwenye maji ya vuguvugu ambayo fulana nyepesi inatosha. Nilipohamia Glasgow ikanibidi nianze upya karibu kila kitu, na lengo langu lilikuwa moja: kuiona Hispania.

Hispania ni meli ya mvuke ya Kiswidi iliyoundwa Antwerp mwaka 1912. Tarehe 18 Desemba 1954, ikitoka Liverpool kwenda Varberg, Uswidi, na shehena ya chuma na asbesto, ilipanda mwamba kwenye mlangobahari ulio kati ya kisiwa cha Mull na bara la Uskoti. Mabaharia wakateremka mashuani na kuokoka. Nahodha alikataa kukiacha chombo chake, akazama nacho. Kwa heshima yake sikutaka kwenda kubahatisha.

Vazi kavu, yaani suti ya kuzamia isiyoingiza maji, ndilo lililonichukua muda kuliko yote. Chini yake unavaa nguo nene za kutunza joto. Raba zinazobana shingoni na vifundoni mwa mikono ndizo zinazozuia maji. Hewa iliyomo ndani inakupa joto, lakini hewa hiyo hiyo ina vituko. Ukifika mita 10 shinikizo limekuwa maradufu, vazi linakufinya mwili mzima, na lazima ubonyeze vali ya kifuani kuongeza hewa. Ukipanda, hewa inatanuka. Usipoitoa kwa vali ya begani itakurusha juu kabla mwili haujatoa naitrojeni iliyoyeyuka ndani yake ukiwa chini. Ikikimbilia miguuni, unapinduka kichwa chini. Mazoezi haya niliyafanya Loch Long, mkono wa bahari wenye tope na giza usio mbali na Glasgow: kubiringika, kuirudisha hewa mabegani, kufungua vibanio nikiwa na glavu nene. Nilirudia mpaka mikono ikawa inafanya yenyewe.

Regulata, kifaa cha kuvutia hewa ya mtungini, nayo nilibadilisha. Hewa inayotoka mtungini kwa kasi hupoa sana, na katika maji ya baridi barafu inaweza kuganda ndani ya kifaa, hewa ikamwagika mfululizo mpaka mtungi uishe. Zipo zilizotengenezwa kwa maji ya namna hii. Hapo usibane matumizi.

Kwenye suala la mikondo, malezi ya pwani yalinifaa. Anayejua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hahitaji kufundishwa kwa nini mlangobahari wa Mull huzamiwa maji yakiwa yamesimama. Tuliteua siku za maji mafu za mwezi wa Aprili. Nahodha wa boti yetu alituweka tumevaa kila kitu, tunalitazama boya lililofungwa kwenye mabaki. Likiwa limelala na kamba imekazika, mkondo bado unakimbia. Liliposimama wima, akatwambia turuke.

Maji yalikuwa nyuzijoto 8. Midomo ilikufa ganzi mara moja, kifua hakikuhisi kitu. Tulishuka kwa kamba ndani ya ukijani mzito, na meli ikatokea ghafla chini yetu, imekaa juu ya mkuku wake, uti wa chini wa meli, sakafu ya bahari ikiwa karibu mita 30. Nilikuwa nimetarajia kutu. Chuma hakionekani! Kila reli imefunikwa na anemoni, wanyama laini wa baharini, weupe na wa rangi ya machungwa, wamefunguka kama shamba la maua, kwa sababu mkondo huwaletea chakula kila siku. Tulikwenda toka omo, mbele ya meli, hadi tezi, nyuma yake, tukimulika ngama tupu za kuwekea shehena na mlango wa chumba cha injini. Sikuingia. Kuingia ndani ya meli kuna mafunzo yake, na vidole vilishaanza kupoteza nguvu. Wala hatukuchukua chochote.

Tulianza kupanda hewa ikiwa bado nyingi. Kwenye mita 5, tulipotua dakika 3 ili mwili utoe naitrojeni, mkondo ulikuwa umeamka na kamba inatetemeka. Kuishika kwa vidole visivyohisi ilikuwa kazi ngumu kuliko zote siku ile. Botini nilipewa chai ya moto, na mwenzangu akanifungulia zipu ya mgongoni.

Sasa nasomea uzamiaji wa kina kirefu. Karibu na hapo ipo Rondo, meli ya mvuke iliyozama mwaka 1935, imeegemea mteremko mkali, sukani ikiwa mita chache tu chini ya uso wa maji na omo kwenye mita 50 hivi. Hiyo ndiyo ninayojiandalia.