Kinachoitetemesha Injini Asubuhi

Mwezi wa Julai, joto la alfajiri hapa Nairobi linaposhuka hadi karibu digrii 10, magari mengi huwaka kwa kutetemeka, na wenyewe hukimbilia Grogan, soko la vipuri vya magari, kununua plagi mpya (vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli) kabla ya kujua kinachosumbua. Ningependa waanze kwa kuelewa hali ya injini baridi.

Petroli haiungui vizuri ikiwa matone. Sharti igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa. Chuma kikiwa baridi, sehemu ya petroli hunata kwenye kuta za njia ya hewa na za silinda, hivyo mchanganyiko unaoifikia plagi huwa hafifu. Kwa sababu hiyo kompyuta ya gari husoma sensa ya joto la maji, huongeza petroli, kisha hupandisha mwendo wa injini hadi mizunguko 1,200 au zaidi kwa dakika, badala ya 700 hivi ya kawaida. Mngurumo huo wa juu, ukishuka polepole bila kutikisa gari, si ugonjwa.

Ugonjwa ni injini kumisi, yaani silinda moja kukosa kuwaka. Hapo plagi ing'olewe ichunguzwe badala ya kutupwa tu. Ikiwa imefunikwa na masizi meusi makavu, petroli inazidi. Ikiwa moja ni safi kupita zenzake, huku maji ya rejeta, kifaa cha kupoza maji ya injini, yakipungua na moshi mweupe ukitoka, huenda maji yanapenya usiku kupitia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kifuniko cha juu cha injini na bloku yake, na gari hilo lisiendeshwe hadi lipimwe.

Linaloniudhi hasa ni desturi ya baadhi ya mafundi wetu ya kutoa themostati kwa hoja kwamba huku kwetu kuna joto. Kifaa hicho huyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafikie digrii 80 hivi au zaidi, na kikikosekana maji hupozwa tangu dakika ya kwanza, injini huchelewa kupata joto, nayo kompyuta huendelea kuongeza petroli ikiamini kuwa gari ndiyo kwanza limewashwa. Petroli hiyo ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda, huteremka hadi kwenye sampu, chombo cha oili chini ya injini, na kuipunguza oili nguvu, na hujaza plagi masizi, kiasi kwamba plagi mpya zitachafuka vilevile na mtetemo utarudi.

Si vigumu kulitambua tatizo hili. Tazama mshale wa joto ukiwa Thika Road: ukishuka gari linapokimbia na kupanda tena ukikwama kwenye msongamano wa magari, themostati ama haipo ama imekwama wazi. Mwambie fundi airudishe kabla hujanunua kitu kingine chochote.