Viporo 143 mezani kwa mama mwenye kampuni

Mwezi wa 4, tope la masika limeijaa Arusha, nilikabidhiwa orodha ya kazi za mfumo wa kompyuta wa kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani. Ofisini kwetu Njiro tuko watu 4. Viporo, yaani kazi zilizolala, vilikuwa 143, na 96 kati yake vimeandikwa "haraka".

Lawama ni yangu pia. Kila aliyepiga simu nilimjibu "sawa, naandika", na kweli nikaandika. Meneja wa mauzo alitaka rangi ya kitufe ibadilishwe. Tukaibadilisha kwanza, maana ni kazi ya nusu saa. Wiki hiyohiyo gari moja likauzwa kwa makundi mawili ya wageni, siku moja. Kiporo cha kalenda ya magari kilikuwa namba 71.

Nikaandika kila kazi kwenye kikaratasi, nikaenda kwa mama mwenye kampuni. Shikamoo, marahaba, nikavimwaga mezani.

"Mwanangu, si wewe ndiye fundi?"

"Mama, mimi najua kazi itachukua siku ngapi. Ipi ikichelewa itakula hela yako, unajua wewe."

Mwongozo wa Skramu (njia ya timu kupanga kazi kwa mizunguko mifupi), toleo la 2020, unataka mwenye bidhaa, yule anayeamua kazi ipi itangulie, awe mtu mmoja, si kamati. Sisi tulikuwa nao 5, wote wa kwenye simu.

Sikumuuliza ipi ni muhimu, angesema zote. Nilimuuliza: "Msimu wa Juni ukianza hii haipo, nani atakupigia simu?" Kalenda ya magari aliivuta kimya kimya mpaka kifuani. Risiti za mhasibu: "Atapiga kelele, lakini aandike kwa mkono mpaka Agosti." Hadi saa 7 mchana zilibaki 11 mezani, 40 kwenye bahasha ya kusubiri. Nyingine 92 nikazifuta. Kiporo cha jana unapasha. Cha mwaka mzima kimeshachacha. Usiku ule sikulala vizuri, lakini zilirudi 4 tu, kwa simu za waliozitaka kweli.

Sasa tunafanya mizunguko ya wiki 2, na Jumatatu tunapitia 10 za juu tu. Kipya kikipanda, kimoja kinashuka.

Juni meneja wa mauzo akapiga: "Kaka, kuna kitu cha haraka."

"Sawa. Tushushe kipi?"

Akakohoa kidogo. "Basi, tutaongea Jumatatu."