Nilivyomsaka Jack Leslie, namba kumi aliyeitwa England kisha jina likayeyuka

Chanzo ni kinyozi. Nakaa Barking, mashariki ya London, na kila Jumamosi kijiwe chetu ni kwa kinyozi mmoja wa kutoka Tanga. Hapo wanaonyolewa huwa wanne, wanaobishana kumi na tano. Siku hiyo mzee mmoja, ambaye sote tunamwita Mjomba, alitoa hukumu kwamba hakuna mtu mweusi aliyewahi hata kufikiriwa na timu ya taifa ya England kabla ya beki Viv Anderson kuichezea mwaka 1978. Nikaropoka, "Mjomba, kuna mmoja aliitwa miaka ya ishirini." Nilikuwa nimelisikia jambo hilo juu juu tu, sikujua hata jina. Akanitazama kama mtoto aliyevunja glasi ya mgeni. "Lete ushahidi wa karatasi. Si wa simu, wa karatasi. Ukileta, biriani juu yangu."

Jina nililipata jioni ileile: Jack Leslie wa Plymouth Argyle, klabu ya kusini magharibi ya England. Nikalala nikijua nimeshinda. Kumbe ndiyo kwanza naanza.

Rafiki yangu mmoja, msomi, tena wa kupenda kukuonyesha kwamba ni msomi, akanipa ushauri ambao bado naudai fidia. Alisema nichukue orodha za mechi zote za England kati ya vita viwili vya dunia, nipite kikosi kimoja kimoja, jina litajitokeza lenyewe. Nikafanya hivyo kweli. Wikiendi mbili nzima! Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, nikachora mistari: tarehe, mpinzani, kipa, mabeki, viungo, washambuliaji. Scotland, Wales, Ireland, Ubelgiji, Ufaransa. Nikawajua wachezaji ambao hata wajukuu wao wamewasahau. Dixie Dean wa Everton alinipita mara kadhaa, yule aliyefunga mabao 60 ya ligi katika msimu mmoja wa 1927/28, nami nikampita kama simjui, maana sikuwa nikimtafuta yeye. Leslie, hayupo. Jumapili ya pili usiku mke wangu akaleta chai, akasoma daftari, akauliza kwa upole ule unaouma kuliko matusi: "Si ulisema huyu bwana walimwita halafu hawakumchezesha? Sasa unamtafutaje kwa waliocheza?"

Sikujibu. Chai niliinywa.

Kesho yake nikaenda maktaba ya mtaa. Hapa Uingereza maktaba nyingi zinakufungulia hazina ya magazeti ya zamani bure ukikaa kwenye kompyuta zao, kwa hiyo msikubali kulipa kabla hamjauliza pale dirishani. Nikaandika "Leslie". Lahaula! Maharusi, mawakili, waigizaji, mwizi wa baiskeli, ng'ombe aliyeshinda maonyesho ya kilimo. Nikaongeza "Plymouth", zikapungua kidogo tu. Nikakumbuka kwamba winga aliyecheza naye upande wa kushoto aliitwa Sammy Black, nikatafuta "Black". Hapo nikaletewa farasi weusi, makaa ya mawe na nguo za msiba za nusu ya Devon, jimbo ulipo mji wa Plymouth.

Sasa hapa niacheni nijisifu kidogo. Zamani zile jezi za ligi hazikuwa na namba. Namba zilikuja kuwa lazima mwaka 1939. Lakini magazeti yaliandika kikosi kwa mpangilio usiobadilika: kipa, mabeki wawili, viungo watatu, kisha washambuliaji watano kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa lugha yetu ya mtaani, wa mwisho ni namba kumi na namba kumi na moja. Leslie alikuwa kumi, Black kumi na moja. Kwa hiyo katika kila mechi waliyocheza wote wawili, mstari wa kikosi unaishia "Leslie and Black". Nikayafunga maneno hayo matatu ndani ya alama za kunukuu, nikabonyeza. Ikamwagika mvua ya masika. Msimu baada ya msimu, wawili wale wamekaa mwisho wa mstari kama wapangaji wasiohama. Pale mashine iliposoma wino vibaya, nilijaribu "Leshe" na "Lesley", nikaokota na makombo.

Hapo ndipo maisha yake yalipoanza kunikalia kichwani. Alizaliwa Canning Town mwaka 1901, baba Mjamaika, mama Mwingereza. Alikuwa fundi wa boila. Na kabla ya kwenda Plymouth alichezea Barking Town. Barking! Mtaa wangu, nanyolewa hapo! Alihamia Argyle mwaka 1921, akakaa mpaka 1934, mechi zipatazo 400 na mabao 137. Na si kwamba timu ilikuwa inabebwa. Katika Daraja la Tatu Kusini la enzi zile aliyepanda alikuwa bingwa peke yake, na Argyle walimaliza wa pili misimu sita mfululizo, kuanzia 1921/22 hadi 1926/27. Sita! Mimi shabiki wa timu fulani ya London nilidhani najua mateso. Walipanda mwaka 1930, hatimaye kama mabingwa.

Karatasi ya biriani ni ya Oktoba 1925. Magazeti yalimtaja Leslie, mchezaji wa daraja la tatu, miongoni mwa walioitwa kwa mechi ya Ireland kule Belfast, kama mchezaji wa akiba. Siku chache baadaye orodha ikatoka tena, jina lake halipo, na maelezo hayapo. Mwenyewe uzeeni alisimulia kwamba meneja wake ndiye aliyempa habari njema, kisha watu wa chama cha soka wakaja kumtazama, si miguu yake bali uso wake. Tarehe 24 Oktoba England ikatoka 0-0 Belfast. Siku hiyohiyo Argyle waliwafunga Bournemouth 7-2, Leslie akiwa na mabao mawili. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktabani, bibi wa meza ya jirani akanikata jicho.

Nauli ya treni kwenda Plymouth kuiona sanamu yake nje ya uwanja wa Home Park, iliyozinduliwa mwaka 2022, sitaitaja, mke wangu anasoma haya. Nunueni tiketi mapema, basi.

Nikachapa kurasa, senti kidogo kila moja, nikazipeleka kwa kinyozi kwenye bahasha ya kaki kama hati ya shamba. Mjomba akavaa miwani. Akauliza swali moja tu: "Alilipwa ngapi?" Nikamwambia mshahara wake mwenyewe sijauona, ila kikomo cha ligi enzi zile kilikuwa pauni 8 kwa wiki msimu ukiendelea, hata ungekuwa Dixie Dean. Akatikisa kichwa. Nikamwambia na la mwisho: jicho lilipoumia akastaafu, akarudi kwenye ufundi wake huku mashariki, na uzeeni akapata kazi West Ham ya kusafisha viatu vya wachezaji. Alivipiga brashi viatu vya Bobby Moore na Geoff Hurst, nyota wa England, na vya Clyde Best, kijana mweusi kutoka Bermuda. Anderson alipoivaa jezi ya England mwaka 1978, Leslie alikuwa hai. Alifariki 1988, na kofia ya heshima ya England, ile wanayopewa waliochezea timu ya taifa, ilitolewa kwa ajili yake mwaka 2023, ikapokelewa na familia.

Kinyozi alizima mashine. Mjomba alikunja karatasi zangu, akazitia mfukoni mwa koti lake, hajazirudisha hadi leo.

Biriani nililila, la mbuzi, kitamu. Ila Jumamosi iliyopita nimemkuta Mjomba anawasimulia vijana habari za Jack Leslie "niliyemgundua mimi," na anasema alizaliwa Barking. Nikamwambia, "Mjomba, Canning Town." Akasema nilete ushahidi.